Duka Lifungwe kwa Ajili ya Nani? Sheria za Saa za Maduka, Amri ya Tatu na Ushuhuda wa Kanisa

Utangulizi

Swali la saa ambazo duka lifunguliwe au lifungwe laweza kuonekana dogo mno kwa jarida la theolojia. Wengi watasema kwamba hilo ni jambo la afisa biashara, la mwenye duka na la mteja wake. Hata hivyo, katika historia ya Kanisa swali hilo limegusa mambo mazito: Amri ya Tatu, uhuru wa Mkristo, mipaka ya serikali, na haki ya mtu aliyeajiriwa ambaye hana uwezo wa kumwambia tajiri wake, "Kesho sitakuja kazini, nataka kupumzika."

Makala hii inakusudia kueleza jinsi serikali ya nchi moja, yaani Ujerumani, ilivyotunga sheria za kufungua na kufunga maduka ya rejareja, na jinsi Kanisa la Kiinjili la nchi hiyo lilivyosimama mahakamani kuitetea Jumapili. Tumeichagua Ujerumani kwa sababu mbili. Kwanza, ndiko yalikotoka maandiko ya ungamo ambayo sisi Walutheri tunayafundisha mpaka leo. Pili, kesi iliyoamuliwa huko mwaka 2009 inatulazimisha kujibu swali ambalo mara nyingi tunalikwepa: Kanisa linapoiomba serikali ilinde siku ya mapumziko, linaomba kwa ajili ya nani? Jibu letu, tutakalojaribu kulithibitisha hatua kwa hatua, ni kwamba ombi hilo ni halali pale linapotolewa kwa ajili ya jirani anayefanya kazi, na linapoteza uhalali wake pale linapotolewa ili sheria ya nchi itujazie makanisa.

1. Malango ya Yerusalemu

Mfano wa kale wa mtawala kuzuia biashara kwa siku na saa maalumu tunao katika kitabu cha Nehemia, sura ya 13. Liwali Nehemia aliwaona watu wa Yuda wakikanyaga zabibu siku ya sabato, wakipakia punda mizigo na kuileta Yerusalemu. Wachuuzi wa Tiro nao walileta samaki na bidhaa za kila namna. Nehemia aliwagombeza wakuu wa Yuda, kisha akaamuru malango ya mji yafungwe giza lilipoanza kuingia kabla ya sabato, yasifunguliwe mpaka sabato ipite. Wachuuzi walilala nje ya ukuta mara moja au mbili, hata alipowaonya kwamba atawakamata. Tangu hapo hawakuja tena siku ya sabato.

Mara nyingi tunaisoma habari hiyo bila kukumbuka iliyotangulia. Katika sura ya 10 watu wenyewe walikuwa wamefanya agano kwamba watu wa nchi wakileta bidhaa au nafaka siku ya sabato, wao hawatanunua. Kwa hiyo agano la wanunuzi lilitangulia, na lango la mtawala likafuata. Mpangilio huo una mafundisho, nasi tutaurudia mwishoni.

Lakini kwa nini biashara isimame? Torati inatoa sababu mbili. Katika Kutoka 20 sabato inashikamanishwa na uumbaji: Mungu alistarehe siku ya saba. Katika Kumbukumbu la Torati 5 inashikamanishwa na ukombozi kutoka Misri, na hapo lengo linatajwa waziwazi, kwamba mtumwa na mjakazi wapate kupumzika kama bwana wao. Kutoka 23:12 inaongeza mwana wa mjakazi na mgeni. Nabii Amosi naye, katika sura ya 8, anawashutumu wafanyabiashara wanaongojea kwa hamu sabato ipite ili wauze ngano kwa kipimo kilichopunguzwa na mizani ya udanganyifu. Mbele ya nabii huyo kuichukia siku ya mapumziko na kumwibia maskini ni tabia ya moyo mmoja. Yeye asiyeweza kuvumilia siku moja bila faida hataona vigumu kuipunguza pishi.

2. Kutoka Konstantino hadi Katekisimo Kubwa

Kanisa la kwanza halikuwa na sheria ya nchi ya kulinda Jumapili. Wakristo wa karne tatu za mwanzo, wengi wao wakiwa watumwa na watu wa kazi za mikono, walikutana nje ya saa za kazi, kisha wakarudi kwa mabwana zao. Mwaka 321 Kaisari Konstantino aliamuru kwamba mahakimu, watu wa mijini na mafundi wapumzike siku ya Jua. Wakulima aliwaruhusu kuendelea na kazi, kwa kuwa majira mazuri ya kupanda hayamngoji mtu. Tangu hapo sheria za namna hii zimekuwa na misamaha yake, na swali la nani asamehewe halijaisha.

Katika Zama za Kati mapumziko ya sikukuu yaliongezewa mzigo wa aina nyingine. Watu walifundishwa kwamba kuitunza siku yenyewe ni tendo la kujipatia stahili mbele za Mungu. Ndiyo maana Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika Sehemu ya 28, linazungumzia Jumapili kwa tahadhari kubwa. Linafundisha kwamba wanakosea wale wanaodhani Kanisa liliweka Jumapili mahali pa sabato kama jambo la lazima kwa wokovu. Siku hiyo iliwekwa kwa ajili ya utaratibu, ili watu wajue wakutane lini. Dhamiri isifungwe kwayo. Mtume Paulo alikwisha kuandika katika Wakolosai 2:16 kwamba mtu asiwahukumu waumini kwa habari ya sikukuu au sabato.

Je, basi, siku ya mapumziko haina maana kwa Mkristo? Martin Luther alilijibu swali hilo katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, katika maelezo ya Amri ya Tatu, na jibu lake ndilo ufunguo wa makala hii. Anasema kwamba kwa maana yake ya nje amri hiyo haituhusu sisi Wakristo kama ilivyowahusu Wayahudi. Hata hivyo anatoa sababu mbili za kuwa na siku maalumu. Ya kwanza ni mahitaji ya mwili. Maumbile yenyewe yanadai kwamba watu wa kawaida, watumishi wa kiume na wa kike, ambao wiki nzima wameshughulika na kazi zao, wapate siku ya kupumzika na kuburudika. Ya pili, iliyo kubwa zaidi, ni kupata nafasi ya kukusanyika, kulisikia Neno la Mungu, kumsifu na kumwomba. Anaongeza kwamba siku yoyote ingefaa, lakini kwa kuwa Jumapili imewekwa tangu zamani, ni vema ibaki hivyo, ili pawe na utaratibu na mtu asilete vurugu kwa mageuzi yasiyo ya lazima.

Msomaji atazame mpangilio wa hoja hizo. Sababu ya kwanza haimtaki mtu awe Mkristo. Inamhusu kila mwenye mwili unaochoka. Luther mwenyewe anakumbusha kwamba kukaa bila kazi hata wasio Wakristo wanaweza, na kwamba kinachoitakasa siku ni Neno la Mungu. Kwa hiyo sababu ya kwanza iko chini ya utawala wa Mungu kwa njia ya serikali, katika matumizi ya kwanza ya sheria, yaani yale ya kiraia. Sababu ya pili iko chini ya utawala wa Mungu kwa njia ya Injili, na hapo serikali haina chombo. Serikali yaweza kufunga mlango wa duka. Moyo wa mtu haiwezi kuufungua.

3. Sheria ya Ujerumani na mabadiliko yake

Katika karne ya 19, viwanda vilipoenea Ujerumani, mapumziko ya Jumapili yalipungua sana. Wafanyakazi wa madukani walisimama nyuma ya meza ya kuuzia tangu asubuhi hadi usiku, na wengi wao walikaa kwa matajiri wao, hata ikawa vigumu kujua kazi inakwisha saa ngapi. Sheria ya kuwalinda wafanyakazi ya mwaka 1891 ilipunguza kazi za biashara siku ya Jumapili zisizidi saa tano. Mwaka 1900 ikaamriwa kwamba maduka yafungwe kuanzia saa 3:00 usiku hadi saa 11:00 alfajiri. Mwaka 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, biashara ya rejareja siku ya Jumapili ilipigwa marufuku kama kanuni ya jumla. Mwaka huohuo Katiba ya Jamhuri ya Weimar, katika ibara ya 139, iliweka kwamba Jumapili na sikukuu zinazotambuliwa na serikali zilindwe kisheria ziwe siku za kupumzika na kazi na za kuinua roho.

Ibara hiyo ina historia ya pekee. Jamhuri ya Weimar ilianguka mwaka 1933, lakini watungaji wa Katiba ya mwaka 1949 waliichukua ibara hiyo pamoja na nyingine zinazohusu dini, wakaziingiza katika Katiba mpya kwa njia ya ibara ya 140. Hivyo maneno yaliyoandikwa mwaka 1919 yakawa sehemu kamili ya katiba iliyofuata. Yanataja mambo mawili, mapumziko ya kazi na kuinuliwa kwa roho, na yanakaribiana sana na zile sababu mbili za Katekisimo Kubwa.

Sheria ya kufunga maduka ilitungwa mwaka 1956. Iliruhusu maduka kufunguliwa kuanzia saa 1:00 asubuhi hadi saa 12:30 jioni siku za kazi, na Jumamosi hadi saa 8:00 mchana tu. Jumapili yalifungwa. Maduka ya dawa, vituo vya mafuta, na maduka ya vituo vya reli yanayowahudumia wasafiri yaliwekewa masharti yake. Sheria hiyo ilikuwa na makusudi mawili. La kwanza lilikuwa kumlinda mwajiriwa, na la pili kuweka usawa katika ushindani, ili mwenye duka dogo anayefanya kazi na mkewe asilazimike kukesha kwa sababu duka kubwa la jirani lina watu wa kupokezana zamu.

Baadaye sheria ililegezwa hatua kwa hatua. Mwaka 1989 iliruhusu maduka yafunguliwe hadi saa 2:30 usiku kila Alhamisi. Mwaka 1996 saa za siku za kazi zilisogezwa mbele hadi saa 2:00 usiku na Jumamosi hadi saa 10:00 jioni, na waoka mikate wakaruhusiwa kuuza Jumapili kwa muda mfupi. Mwaka 2003 Jumamosi nayo ikafikishwa saa 2:00 usiku. Mwaka 2004 Mahakama ya Katiba ya Shirikisho, ikiamua shauri lililoletwa na kampuni ya maduka makubwa, ilithibitisha kwamba kufunga maduka siku ya Jumapili kunakubaliana na Katiba. Kisha mwaka 2006 yakafanyika marekebisho ya mgawanyo wa madaraka, na uwezo wa kutunga sheria za saa za maduka ukahamishwa kutoka Shirikisho kwenda kwenye majimbo.

Kabla hatujafika kwenye kesi ya Berlin, inafaa kukumbuka jambo jingine lililowapata Walutheri wa nchi hiyo. Siku ya Toba na Maombi, ambayo huangukia Jumatano ya Novemba na ni sikukuu ya asili ya Kiinjili, ilikuwa siku ya mapumziko ya umma. Kuanzia mwaka 1995 iliondolewa katika majimbo yote isipokuwa Sachsen, ili siku ya kazi iliyoongezeka iwafidie waajiri gharama za bima mpya ya uuguzi. Katika jimbo la Schleswig-Holstein iliitishwa kura ya wananchi mwaka 1997 ili irudishwe. Wengi wa waliopiga kura waliunga mkono, lakini hawakufikia idadi iliyotakiwa na sheria. Ibada za siku hiyo zinaendelea mpaka leo, mara nyingi jioni, baada ya kazi. Tukio hilo linatufundisha kwamba sikukuu iliyoegemea sheria peke yake hutetewa na wachache siku inapoondolewa, na pia kwamba Neno la Mungu halikomi pale serikali inapofuta siku katika kalenda.

4. Kesi ya Berlin

Jimbo la Berlin lilitunga sheria yake Novemba 2006. Siku za kazi, kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, maduka yaliruhusiwa kufunguliwa saa zote 24. Jumapili zote nne za Majilio yaliruhusiwa kufunguliwa kuanzia saa 7:00 mchana hadi saa 2:00 usiku, bila sharti lolote. Zaidi ya hizo, serikali ya jimbo ingeweza kutangaza Jumapili nyingine nne kwa manufaa ya umma, na kila duka lilipewa mbili kwa ajili ya matukio maalumu. Jumla ingeweza kufika Jumapili kumi kwa mwaka.

Kanisa la Kiinjili la eneo hilo, pamoja na Jimbo Kuu la Kikatoliki la Berlin, yalipeleka malalamiko katika Mahakama ya Katiba ya Shirikisho. Shida ya kwanza ilikuwa kuonyesha ni haki gani ya Kanisa iliyovunjwa. Hakuna aliyewakataza Wakristo kuabudu. Ibada ziliendelea asubuhi, na maduka yalifunguliwa mchana. Wapinzani walisema kwamba anayetaka kwenda kanisani aende, na anayetaka kununua zawadi za Krismasi anunue.

Mahakama ilitoa hukumu tarehe 1 Desemba 2009. Iliamua kwamba ruhusa ya Jumapili zote nne za Majilio haikubaliani na Katiba, ingawa iliiacha itumike kwa Majilio ya mwaka huo yaliyokuwa yamekwisha kuanza. Tujitahidi kuelewa hoja zake, kwa maana ni hoja za wanasheria, na theolojia ina la kujifunza kwazo.

Kwanza, Mahakama ilisema kwamba ulinzi wa Jumapili una mizizi ya kidini, na kwa hiyo unaipa nguvu haki ya uhuru wa dini. Makanisa yana haki ya kudai kiwango cha chini cha ulinzi huo. Pili, ulinzi huo una malengo ya kidunia vilevile. Mwili na akili vinahitaji kupumzika. Ndoa na familia zinahitaji muda wa pamoja. Vyama, mikutano na ushiriki wa raia katika mambo ya nchi haviwezekani kama kila mtu ana siku yake ya kupumzika. Mama akipumzika Jumanne na baba Alhamisi, na watoto wakawa shuleni siku zote mbili, kila mmoja amepumzika na familia haijakutana. Kwa hiyo thamani ya siku hiyo imo katika kuwa ya wote kwa wakati mmoja.

Tatu, Mahakama ilitofautisha aina za kazi. Iko kazi inayopaswa kufanyika hata Jumapili, kama ile ya hospitali, zimamoto na polisi. Iko pia kazi inayofanywa ili wengine waifurahie Jumapili, kama ile ya wahudumu wa hoteli na madereva wa mabasi. Kuuza nguo na viatu hakuingii katika aina hizo. Maduka yanapofunguliwa, mji mzima huchukua sura ya siku ya kazi, hata kwa yule asiyenunua kitu. Nne, ikasema kwamba Jumapili ya mapumziko ni kanuni, na kufungua ni pekee. Pekee hiyo lazima iwe na sababu inayolingana na uzito wake. Haja ya mwenye duka kupata faida, au hamu ya mteja kununua wakati wowote, peke yake haitoshi. Kutoa Jumapili nne mfululizo, ambazo ni kipindi cha mwezi mzima hivi, bila sababu nyingine, kulikuwa kuigeuza pekee kuwa kanuni.

Baada ya hukumu hiyo mashauri mengine yalifuata, na mengi yalipelekwa na chama cha wafanyakazi wa huduma, ambacho tangu mwaka 2006 kilikuwa kimeungana na vikundi vya makanisa katika ushirika wa kutetea Jumapili. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Utawala ya nchi hiyo iliamua kwamba mji ukitaka kufungua maduka Jumapili kwa sababu ya gulio au tamasha, gulio lenyewe liwe ndilo linalowavuta watu, na maduka yawe nyongeza tu. Hapo tunaona jambo la kutafakari: mchungaji na kiongozi wa wafanyakazi, ambao katika karne ya 19 mara nyingi walitazamana kwa mashaka, wamesimama upande mmoja kwa ajili ya mwuza duka.

5. Mapingamizi yanayostahili jibu

Si haki kuieleza habari hii kana kwamba upande wa pili hauna hoja. Tutazame mapingamizi matatu.

La kwanza ni la uhuru. Mtu mzima, wanasema, ajiamulie mwenyewe lini afanye kazi na lini anunue. Pingamizi hili lina nguvu kwa mwenye duka na kwa mteja, lakini linamsahau mtu wa tatu aliye kati yao. Mwajiriwa anayelea watoto peke yake, akiogopa kupoteza kazi, hana uhuru sawa na wa tajiri wake anapoulizwa kama atapenda kuja Jumapili. Mahali ambapo nguvu hazilingani, sheria ndiyo inayompa mnyonge ujasiri wa kusema hapana. Hilo ndilo Luther aliloliona alipowataja watumishi kwanza.

La pili ni la imani nyingine. Mwislamu husali Ijumaa pamoja, Myahudi na Msabato hutunza Jumamosi. Je, si dhuluma kumlazimisha Myahudi anayefunga duka Jumamosi kwa imani alifunge na Jumapili kwa sheria? Shauri la namna hiyo lilifika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1961, likiletwa na wafanyabiashara Wayahudi wa Philadelphia. Mahakama iliamua kwamba sheria ya Jumapili ilikuwa halali kwa kuwa lengo lake lilikuwa mapumziko ya pamoja, lakini wafanyabiashara wale walibaki na hasara ya siku mbili kila wiki. Pingamizi hili hatuwezi kulifuta kwa maneno matupu. Kanisa linalotetea mapumziko kwa ajili ya jirani halina budi kumhesabu na jirani huyu, na kuunga mkono misamaha inayomwondolea mzigo. Likikataa, litakuwa limeonyesha kwamba lilichotetea ni heshima yake lenyewe.

La tatu ni la mazoea mapya. Siku hizi mtu huagiza bidhaa kwa intaneti usiku wa Jumapili akiwa kitandani, na mlango wa duka uliofungwa haumzuii. Ni kweli. Lakini tuangalie kwamba nyuma ya agizo hilo yupo mtu wa ghalani na mpeleka mizigo. Mfanyakazi ameondoka mbele ya macho ya mteja, naye mwili wake unachoka kama zamani. Kwa hiyo swali la Amri ya Tatu limebaki palepale. Limehama tu kutoka dukani kwenda ghalani.

6. Maana yake kwetu

Kwetu Tanzania hali ni tofauti, wala haifai kuichukua sheria ya Berlin na kuipandikiza hapa. Nchi yetu haina dini ya serikali, na watu wake wanaabudu siku mbalimbali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikuchagua Jumapili. Imeweka kwamba saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku, siku 6 na saa 45 kwa wiki, na kwamba mwajiriwa apewe mapumziko ya wiki yasiyopungua saa 24. Akifanya kazi katika muda huo wa mapumziko, alipwe mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa.

Kwa maneno ya Katekisimo Kubwa, sheria hiyo imeshika sababu ya kwanza ya Luther, yaani mwili wa mfanyakazi, nayo imewaachia watu wa imani sababu ya pili. Mgawanyo huo hautupi sisi Walutheri sababu ya kulalamika. Swali ni kama sheria inatimizwa. Msichana anayeuza katika duka la nguo tangu asubuhi hadi usiku siku zote saba, kijana anayelala ndani ya duka la vyakula ili alilinde, mtumishi wa nyumbani asiyejua siku ya mapumziko ni ipi: hao wako katika sharika zetu, au wangekuwamo kama wangepata nafasi ya kuja. Mara nyingine matajiri wao wameketi katika viti vya mbele kanisani, na baadhi yao ni wazee wa kanisa.

Hapa ndipo wajibu wa mchungaji unapoanzia. Ni rahisi kumkemea yule asiyeonekana ibadani. Ni vigumu zaidi, lakini ni sawa na Maandiko, kumwuliza mwenye duka aliyeonekana ibadani nani amemwacha akiuza. Amri haikuishia kwa bwana. Ilimtaja na mjakazi. Tajiri anayepumzika kwa jasho la mtu asiyepumzika ameshika nusu ya amri, tena ile nusu iliyo rahisi.

Mambo matatu yanafaa kuzingatiwa katika sharika na vyuo vyetu. Kwanza, mafundisho ya Kipaimara juu ya Amri ya Tatu yasiishie kwenye kuhudhuria ibada. Yaeleze pia haki ya mtumishi kupumzika, na vijana waijue sheria ya nchi inayowahusu. Pili, usharika wenyewe ni mwajiri. Mlinzi, mpishi wa hosteli na mhudumu wa duka la vitabu la Kanisa wanastahili saa zao 24 kabla hatujawahubiria wengine. Tatu, mwuza duka aliyepangiwa zamu ya Jumapili asitwishwe hatia. Ikiwa Jumapili ni utaratibu na si sharti la wokovu, kama Ungamo la Augsburg linavyofundisha, basi usharika una uhuru wa kumwandalia ibada ya jioni au ya siku nyingine, apate Neno na Meza ya Bwana.

Hitimisho

Tumeona kwamba malango ya Yerusalemu yalifungwa baada ya watu kuagana kwamba hawatanunua. Tumeona pia kwamba Konstantino alifunga karakana, Weimar ikaandika ibara, na mahakama ya mwaka 2009 ikaikumbusha Berlin kwamba faida peke yake si sababu ya kumwondolea mtu siku yake. Katika yote hayo serikali ilifanya kazi iliyopewa na Mungu, yaani kumkinga mnyonge na kuweka utaratibu, na Kanisa lilikuwa na haki ya kuiomba ifanye hivyo.

Lakini kuitakasa siku ni kazi ya Neno, na Neno halitungiwi kanuni na bunge. Kristo alisema katika Marko 2:27 kwamba sabato ilifanyika kwa ajili ya mwanadamu. Basi tunapoulizwa duka lifungwe kwa ajili ya nani, tumtaje kwa wazi yule aliyesimama nyuma ya meza ya kuuzia, awe Mkristo au Mwislamu, awe anakuja kwetu au haji. Akiisha kupumzika, tuhakikishe kwamba kuna mtu wa kumwambia Habari Njema, na kwamba mlango wa kanisa uko wazi kwa saa anayoweza kufika.